Idadi Peke Yake Haitoshi: Watu, Afya na Ardhi katika Karagwe na Kyerwa

Mhadhara kwa wananchi wa Kaisho, wilaya ya Kyerwa

 

Waandaaji wamenipa mada yenye mambo matatu makubwa: idadi ya watu, afya na mazingira. Kila jambo lina wizara yake, lina ofisi yake pale halmashauri na lina ripoti zake. Sisi wa sosholojia kazi yetu ni kuchunguza namna watu wanavyoishi pamoja, na ndani ya kaya mambo hayo matatu hayatenganiki. Mama mjane anayepanda maragwe chini ya migomba, mtoto anayeharisha yuko mgongoni, na shamba lenyewe mashemeji wanalidai, huyo amebeba mada zote tatu kwa mpigo. Ofisi zitamgawana, yeye hawezi kujigawa.

Nitajikita kwenye swali moja. Tunasikia kila siku, vijiweni na kwenye vikao, kwamba watu tumezidi: ardhi imechoka kwa sababu tumezidi, miti imekwisha kwa sababu tumezidi, watoto wanadumaa kwa sababu tumezidi. Je, ni kweli?

Kwamba tumeongezeka, hilo halina ubishi. Sensa ya 2002 iliikuta Karagwe, ikiwa bado wilaya moja, na watu zaidi ya 420,000. Sensa ya 2012, mwaka ambao Kyerwa ilimegwa na kuwa wilaya, ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, jumla 653,046. Mkoa mzima wa Kagera ulikuwa na watu 2,458,023 mwaka 2012. Kufikia 2022 walikuwa 2,989,299. Wengine walizaliwa hapa, wengine walihamia wakitafuta ardhi, kutoka Bukoba, Uganda, Rwanda na Burundi.

Ubishi wangu unaanzia kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapoichukua namba hiyo na kuifanya ndiyo sababu ya kila kitu. Historia ya hapa hapa na tafiti zilizofanywa katika mkoa huu zinakataa. Zinasema kwamba kinachoamua hali ya ardhi na hali ya mtoto ni mpangilio wa watu: nani ana nguvu kazi, nani ana mbolea, nani ana haki ya ardhi, na nani anashika pesa ya mavuno. Idadi ina uzito wake, lakini inafanya kazi kwa kupitia mambo hayo.

Watu walipopungua

Tuanze na wakati ambapo watu hapa walipungua, maana kama wingi wa watu ndio ugonjwa, upungufu wao ungekuwa dawa.

Mwishoni mwa 1861 wasafiri kutoka Uingereza, Speke na Grant, walifika Bweranyange, kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Walikuta dola yenye ng'ombe wengi, wahunzi wa chuma na njia ya biashara iliyokuwa na kituo cha Waarabu pale Kafuro. Miaka thelathini baadaye, mapema miaka ya 1890, ilikuja sotoka ikafyeka ng'ombe. Ikaja ndui. Wakaja funza, wadudu walioingia bara hili 1872 kupitia pwani ya Angola wakitokea Brazil, kisha wakasafiri na misafara hadi Maziwa Makuu. Pamoja na hayo ikaja misukosuko ya ukoloni wa Wajerumani. Watu wengi walikufa, wengine wakahama.

Ardhi ilipumzika, ikapona? Hapana. Malisho yaliyokuwa yakiliwa na ng'ombe na kuchomwa moto kwa utaratibu yaligeuka vichaka. Vichaka vikaleta wanyamapori, na wanyamapori wakaleta mbung'o. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mbung'o walitwaa maeneo makubwa ya Karagwe, na kwa kueneza nagana, ugonjwa wa mifugo, wakaifanya nchi ya wafugaji kuwa nchi isiyofugika. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika, aliandika pamoja na R. de Z. Hall historia ya Karagwe iliyochapishwa 1947. Baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha 1971, alieleza kwa upana kwamba mbung'o wanasambaa pale makazi ya watu yanaposambaratika. Helge Kjekshus naye, katika kitabu chake cha 1977, alionyesha kwamba jamii za Afrika Mashariki kabla ya ukoloni zilikuwa zimeidhibiti mbuga kwa kilimo na mifugo, na udhibiti huo ulivunjika watu na ng'ombe walipoanguka pamoja.

Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba ardhi bila watu ni ardhi yenye afya, nawashauri waisome Karagwe ya 1900.

Kibanja na mikono inayokilisha

Sasa tuingie shambani. Mnakijua kibanja kuliko mimi, lakini niruhusuni nikieleze kama mtafiti anavyokiona, kwa sababu humo ndimo mambo yetu yote yanamokutana.

Nyumba iko katikati. Migomba ya karibu na nyumba ni minene, majani yake ni ya kijani kizito, mikungu mikubwa. Chini yake kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna maragwe. Udongo wa hapo ni mweusi. Ukitembea kwenda pembezoni udongo unabadilika, unakuwa mwekundu au wa kijivu, migomba inakonda, mikungu inakuwa midogo. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile. Tofauti inatokana na kile kilichomwagwa pale kwa miaka: maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, samadi ya zizini, nyasi zilizokatwa mbali na kutandazwa kuzunguka mashina. Weusi wa udongo ule ni kazi ya watu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake na watoto.

Wataalamu wa udongo waliopima mashamba ya Bukoba katika miaka ya 1990, akiwamo Fredrick Baijukya, waliliona jambo hilo kwa vipimo. Kaya zenye ng'ombe ziliweza kurudisha rutuba kibanjani. Kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zikitoa kuliko zinavyorudisha. Majirani wawili, mvua moja, idadi ya watoto ile ile, na bado shamba moja linanenepa wakati jingine linakonda.

Hapo ndipo malisho yanapoingia. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Uhifadhi una faida zake na mimi siupingi. Nasema tu kwamba kila eneo la malisho linapofungwa, iwe kwa hifadhi, kwa shamba la mwenye nacho au kwa upanuzi wa makazi, hesabu yake inaishia kibanjani. Nyasi zikipungua ng'ombe hupungua, samadi hupungua, na mkungu wa ndizi huwa mdogo. Anayepanga matumizi ya ardhi bila kuihesabu samadi amepanga nusu.

Ukimwi ulipochukua mikono

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana katika mkoa huu wa Kagera. Mwaka 1987 Japhet Killewo na wenzake wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walifanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwingi duniani: badala ya kupima wagonjwa hospitalini, walipima watu wazima wa miaka 15 hadi 54 waliochaguliwa kwa sampuli kutoka kwenye kaya za mkoa mzima. Matokeo yalitofautiana sana. Bukoba mjini maambukizi yalikuwa asilimia 24.2. Bukoba vijijini na Muleba yalikuwa asilimia 10. Karagwe ilikuwa asilimia 4.5. Ngara na Biharamulo zilikuwa asilimia 0.4 tu.

Tofauti ya asilimia 24 na 0.4 ndani ya mkoa mmoja haielezwi na kirusi. Kirusi ni kile kile. Inaelezwa na barabara, bandari, magendo ya mpakani, wanajeshi na wafanyabiashara wa miaka baada ya vita na Uganda vya 1978 na 1979, na wanawake waliokuwa hawana ardhi wakalazimika kutafuta riziki mjini. Mwanasosholojia Joe Lugalla aliyaandika hayo mwaka 1999. Mwaka 2004, yeye na wenzake walichunguza kwa nini maambukizi yalikuwa yakishuka. Bukoba mjini yalikuwa yameshuka hadi asilimia 13.3 kufikia 1996, na Karagwe hadi asilimia 2.6 kufikia 1999, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijafika vijijini kwetu. Watu walikuwa wamebadili mwenendo kwa sababu walikuwa wamezika, kwa sababu elimu ilikuwa imewafikia, na kwa sababu mila kama kurithi wajane zilianza kuachwa na wenye mila wenyewe.

Lakini kibanja kilikuwa kimeshaumia. Anna Tibaijuka alichunguza kijiji cha Kagabiro, na utafiti wake wa 1997 ulionyesha namna ugonjwa na mazishi yalivyokula nguvu kazi na akiba ya kaya. Gabriel Rugalema, katika utafiti wake wa 1999 kuhusu kijiji kimoja cha Bukoba, alipingana na wale waliokuwa wakisema kaya zinajimudu. Alichokiona ni kaya zinazouza ng'ombe kulipia matibabu, zinazokosa mtu wa kupalilia, na migomba inayosongwa na magugu. Watu walikuwa wamepungua katika kaya zile. Ardhi kwa kila kichwa ilikuwa imeongezeka. Na bado njaa iliingia.

Gharama ilirithiwa. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya 915 katika mkoa wa Kagera, Karagwe ikiwamo. Mwaka 2004 na tena 2010, watafiti, akiwamo Joachim De Weerdt aliyekuwa na makao Bukoba, walizitafuta kaya zile zile. Waliwafuata watu popote walipohamia, hata nje ya mkoa na nje ya nchi. Kwa kufanya hivyo walijua jambo ambalo hakuna sensa ingeweza kulisema: mtoto aliyefiwa na mama yake kabla ya kufikisha miaka 15 alikua akiwa mfupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na alipoteza takriban mwaka mzima wa shule.

Wakimbizi wa 1994

Wapo watakaoniambia: mwalimu, umesema habari ya kupungua, sisi tuliona watu wakiongezeka kwa usiku mmoja. Ni kweli. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, wakikimbia Rwanda. Karagwe nayo ilipokea kambi, zikiwamo za Chabalisa, Kagenyi na Omukariro, hadi walipolazimika kurudi Desemba 1996. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vipara. Mnaokumbuka mnajua.

Hata hivyo tuutazame uharibifu ule kwa makini. Watu wale wale wangetawanywa vijijini kwa jamaa na majirani, kama baadhi ya wakimbizi wa miaka ya 1960 walivyofanya, kuni zisingekatwa kwa namna ile. Walirundikwa mahali pamoja. Na walipewa mahindi makavu na maharage, chakula kinachochemka kwa saa nyingi juu ya mafiga matatu. Kwa hiyo msitu wa kambini uliliwa na idadi, ndiyo, lakini pia na ramani ya kambi na aina ya mgao. Mambo hayo mawili yaliamuliwa na watu wachache maofisini.

Je, wenyeji? Javier Baez, akitumia takwimu za zile kaya za Kagera, aligundua kwamba watoto wa wenyeji waliokuwa karibu na kambi waliugua zaidi, na walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 1.8. Wakati huo huo, Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walionyesha kwamba hasara haikugawanyika sawa. Mwenyeji aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha shambani alipata taabu, kwa sababu wakimbizi walifanya kazi ile ile kwa ujira mdogo. Mwenyeji aliyekuwa na shamba la kutosha alifaidika, kwa sababu alipata vibarua wa bei nafuu. Na Maystadt pamoja na Gilles Duranton walionyesha baadaye kwamba barabara zilizojengwa kwa ajili ya misaada ziliendelea kuwanufaisha wenyeji muda mrefu baada ya kambi kufungwa.

Tukio moja, idadi moja, na ndani ya kijiji kimoja aliyepata na aliyekosa. Ndiyo maana mimi huogopa sentensi inayoanza na "wananchi waliathirika". Wananchi gani?

Ndizi nyingi, watoto wafupi

Turudi leo. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba takriban asilimia 42 ya watoto wa Kagera wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa 2022 ulikuta imeshuka hadi takriban asilimia 34, ambayo bado ilikuwa juu ya wastani wa taifa wa asilimia 30. Mkoa huu unapakia ndizi kwenye malori kwenda mijini. Hatuwezi kusema watoto wanadumaa kwa kukosa chakula shambani.

Ndizi hushibisha, lakini mtoto wa mwaka mmoja anahitaji pia maragwe, maziwa, yai, dagaa na mboga. Ukifuatilia kwa nini havimfikii, unaondoka jikoni unaingia kwenye mambo ya pesa na madaraka. Maragwe anapanda na kupalilia mama. Gunia likishajaa, mara nyingi anayeliuza ni baba. Kahawa ni ya baba toka mwanzo. Na kahawa yenyewe pengine imeshauzwa kabla ya kuvunwa.

Ninazungumzia butura. Mnaijua. Ada ya shule inadaiwa, au mgonjwa yuko hospitali, na kahawa iko kwenye maua. Anakuja mwenye pesa, anatazama mti, anakadiria, anatoa kiasi kidogo, na siku ya mavuno anakuja kuchukua mali yake. Serikali imepiga marufuku mara kadhaa, na bado ipo, kwa sababu marufuku haimlipii mtu ada. Mkulima wa butura hana sababu ya kutandaza nyasi chini ya mibuni ambayo mavuno yake si yake. Udongo unakosa matandazo, mwaka unaofuata mavuno yanapungua, shida inakuja mapema zaidi, anauza tena. Hapa uharibifu wa udongo na udumavu wa mtoto vina mzazi mmoja, naye ni deni.

Kuna pia suala la haki ya ardhi, na hapa Kagera ina kesi iliyoingia kwenye vitabu vya sheria vya dunia. Bibi Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka, hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliliuza kwa Sh 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha walimpa ushindi. Mahakama ya Wilaya iliupindua, na mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitamka kwamba mila hiyo inakwenda kinyume na Katiba inayokataza ubaguzi, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kuweka wazi katika kifungu cha 20 kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu.

Sheria tunayo kwa zaidi ya miaka 25. Nawaachia ninyi mseme ni wajane wangapi wa kata hii wana karatasi mkononi. Mwanamke asiyejua kama atakuwa na shamba mwakani hapandi mti unaokomaa baada ya miaka 10, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Mnyauko unavyopita

Mfano wa mwisho ni wa ugonjwa usiomshika mtu, lakini unapita kwenye njia za watu. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda, wilayani Mukono, mwaka 2001, na miaka michache baadaye ulikuwa Muleba, kisha ukaenea mkoani. Dalili zake hamhitaji kufundishwa: majani yanakuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa uji wa njano.

Wataalamu walieleza kinga vizuri: kata ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga; choma panga kwenye moto au lioshe kwa dawa kabla ya kuhamia shina jingine; ng'oa kilichougua. Wadudu wanausambaza kupitia ua dume, lakini safari ndefu unasafirishwa na watu. Unakwenda na panga la kuazima. Unakwenda na machipukizi tunayopeana kama zawadi, dada akimpa dada aliyeolewa kijiji cha pili. Unakwenda na mnunuzi wa ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, anayekata mikungu kwenye mashamba kumi kwa panga moja. Kwa hiyo anayetaka kuuzuia akiwa na bango la kitaalamu tu, bila kukaa na watengenezaji wa rubisi na bila kuwauliza akina mama machipukizi hutoka wapi, atachoka. Na kijiji ambacho watu hawaaminiani hakiwezi kuuzuia, maana shamba moja lililoachwa bila kung'olewa linatosha kuwaambukiza majirani.

Nitaje pia jambo la matumaini. Mwaka 2014 Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akishirikiana na shirika la MAVUNO la Karagwe, alijaribu mboji iliyotokana na kinyesi cha choo kikavu, baada ya kuuawa vijidudu kwa joto, kuchanganywa na mkaa na kuozeshwa na takataka za jikoni na shamba. Udongo wa Karagwe una tindikali na fosforasi yake ni haba. Mboji ile ilipunguza tindikali, ikaongeza fosforasi, na mahindi yalizaa zaidi. Hapo mambo matatu niliyopewa yanakutana ndani ya choo kimoja: watu wengi maana yake ni mbolea nyingi, ikiwa tutajua kuitumia bila kuleta maradhi. Swali linalobaki ni la kijamii: nani ataibeba, nani atakubali kula mahindi yake, na mama ataongezewa mzigo gani?

Ninachowaomba

Sisemi uzazi wa mpango hauna maana. Mwanamke anayetaka kupumzika kati ya mtoto na mtoto apewe huduma, bila masharti na bila kejeli, kwa sababu ni haki yake na ni afya yake. Ninachokataa ni kumwambia huyo huyo kwamba tumbo lake ndilo lililokausha kibanja, wakati samadi imepungua, kahawa imekwenda na butura na shamba si lake.

Kwa watafiti, naomba tufuate mfano wa waliowafuata watu wa Kagera kwa karibu miaka 20: tuitazame kaya kwa muda mrefu, tuhoji mke mbali na mume, tutofautishe mwenye shamba na kibarua. Na tukimaliza turudi tuwasomee matokeo wale waliotupa majibu, kwa Kiswahili na ikibidi kwa Runyambo. Takwimu za Kagera zimesomwa sana Washington na Antwerp. Zisomwe na hapa.

Kwa serikali za vijiji, naomba mambo matatu mnayoweza kuyafanya bila kusubiri fedha kutoka juu. Kwanza, mhakikishe kila mjane na kila binti aliyerithi anaandikiwa ardhi yake. Pili, mpangapo matumizi ya ardhi mtenge malisho na mahali pa kukata nyasi, na msiviuze. Tatu, mwanzishe au mwimarishe vikundi vya kuweka na kukopa, ili mwenye kudaiwa ada awe na mlango mwingine wa kubisha kabla ya mlango wa butura.

Kwa ninyi vijana mlioko hapa: utafiti ule wa Kagera ulionyesha kwamba waliohama vijiji vyao, matumizi yao yaliongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Sitawazuia kuondoka. Nawaomba tu, mkiondoka, msiiuze ardhi ya mama yenu akiwa hai, na mkibaki, msiingoje halmashauri iwafundishe kuchoma panga.

Mtu akisimama tena kwenye kikao akasema tumezidi, mwulizeni maswali manne: ng'ombe wako wapi, kahawa iko mikononi mwa nani, shamba limeandikwa jina la nani, na mtoto amekula nini leo. Akishayajibu, ndipo tuzungumze habari ya idadi.